Gari dogo la umeme litafika Terrat, lakini nani atabeba mzigo wa betri?

KWA mkazi wa Terrat, kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, safari ya kwenda mjini na kurudi ni gharama isiyo na likizo. Wengi waliojenga upande huo walifuata viwanja vya bei ya kuwezekana baada ya Njiro, Kijenge na Sakina kuwashinda. Fedha waliyookoa kwenye kiwanja sasa wanailipa kidogo kidogo, kwenye nauli za vifodi na bajaji, au kwenye petroli kwa yule aliyejikakamua akanunua gari dogo lililotumika Japani. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 617,631. Watu wapatao laki mbili wameongezeka katika muda wa miaka kumi, na Mlima Meru hauwezi kusogezwa ili jiji lipanuke kwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo linapanuka kwa kushuka kusini, yaani mbali na ofisi, masoko na hospitali.

Ni katika mazingira hayo ndipo habari za magari madogo ya umeme kutoka India zinapaswa kusomwa. Septemba 2022 kampuni ya Tata Motors ilitangaza gari aina ya Tiago la umeme kwa bei ya kuanzia rupia 849,000. Mwaka uliofuata, MG Motor ya India ikatoa Comet, kigari cha milango miwili chenye viti vinne na urefu usiofika mita tatu, kwa rupia 798,000. Kwa lugha ya fedha tunayoielewa, hizo ni takriban dola 10,000 za Marekani kwa kila gari, jipya, likiwa na dhamana ya kiwanda. China wamekwenda mbali zaidi. Wuling Hongguang Mini EV lilipozinduliwa mwaka 2020 liliuzwa kwa yuan 28,800, kiasi ambacho hapa kwetu hakinunui hata gari dogo la petroli lililokwishatembea nusu ya umri wake.

Swali la kujiuliza ni kama gari la namna hiyo lina maana yoyote kwa mtu anayetoka Terrat kila asubuhi. Majibu mengi yanayotolewa vijiweni huanza na kuishia kwenye umeme: kwamba hautoshi, kwamba hukatika, kwamba ni ghali. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mjadala umeanzia mahali pasipo. Hesabu inaonyesha kuwa umeme ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote za jambo hili.

Tuichukue safari ya kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, siku 25 kwa mwezi. Gari dogo la petroli katika foleni ya mjini, likipandisha kuelekea katikati ya jiji, hutumia kama lita moja kwa kilomita 12. Hizo ni lita mbili na nusu kwa siku. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, mwenye gari anatumia shilingi 7,500 kwa siku, au shilingi 187,500 kwa mwezi. Bei hiyo ya lita si ya kutisha watu. Agosti 2022 petroli iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 3,400 hata jijini Dar es Salaam, kwenye bandari ambako mafuta hushushwa.

Gari dogo la umeme, pamoja na upotevu wakati wa kuchaji, huenda kama kilomita saba kwa uniti moja. Kilomita 30 zitahitaji uniti zisizozidi nne na nusu. Kwa bei ya kundi la T1, ambayo ni shilingi 292 kabla ya kodi na takriban shilingi 356 baada ya kuongeza VAT na tozo za REA na EWURA, safari ya siku nzima itagharimu kama shilingi 1,530. Kwa mwezi ni shilingi 38,000. Tofauti na petroli ni karibu shilingi 150,000 kila mwezi, bila kuhesabu oili, plagi, klachi na mengine ambayo gari la umeme halina.

Hapo pana jambo moja ambalo wauzaji wa magari hawalisemi, pengine kwa kuwa hawalijui. Kaya nyingi za kawaida zimo katika kundi la D1, la wasiotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Gari letu la mfano linahitaji uniti 107 kwa mwezi peke yake. Maana yake ni kwamba siku gari linapoingia uani, kaya nzima inatoka katika nafuu hiyo. Taa, pasi, televisheni na friji vilivyokuwa vikitumia uniti 60 kwa shilingi 7,300 sasa vitatumia uniti zile zile kwa shilingi 21,360. Ni ongezeko la shilingi 14,000 kwa mwezi linalosababishwa na gari, ingawa halikuingia kwenye gari. Na kama nyumba ni ya kupanga, yenye mita moja ya luku kwa wapangaji wanne, hao wengine watatu nao watalipia. Ugomvi wa luku tunaujua wote, hata pale kisa kinapokuwa jiko la umeme tu.

Hata tukiiondoa hiyo shilingi 14,000, mwenye gari la umeme anabaki na akiba ya shilingi 135,000 kwa mwezi, au shilingi milioni 1.6 kwa mwaka. Si fedha ndogo. Tatizo linaanza tunapouliza gari lenyewe litapatikana kwa kiasi gani.

Rupia 798,000 ni kama shilingi milioni 23. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa magari ya abiria ni asilimia 25. Ukija na VAT ya asilimia 18 juu yake, gari hilo linafika karibu shilingi milioni 34, kabla ya nauli ya meli, bima na tozo ndogo ndogo za bandarini. Tuseme gari dogo la petroli lililotumika, lenye hali ya kuridhisha, linapatikana kwa milioni 16. Tofauti ni milioni 18. Kwa akiba ya milioni 1.6 kwa mwaka, mnunuzi atarudisha tofauti hiyo baada ya miaka 11. Dhamana ya betri inayotolewa na Tata kwa Tiago ni miaka minane au kilomita 160,000. Kwa maneno mengine, mkazi wa Terrat atakuwa bado anadai fedha zake miaka mitatu baada ya kiwanda kunawa mikono.

Ukiondoa ushuru na VAT, picha hubadilika kabisa. Tofauti inashuka hadi milioni saba, na muda wa kuirudisha unakuwa miaka minne na kidogo. Betri ni ile ile na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni kodi tu. Rwanda waliliona hilo mwaka 2021, Baraza lao la Mawaziri lilipopitisha misamaha ya kodi kwa magari ya umeme, pamoja na vipuri na betri zake. Ethiopia wakachukua njia ya ubabe: mwaka 2024 walitangaza kuzuia kabisa uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, wakiwa na umeme mwingi wa maji na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Kenya mwaka 2023 ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo nyakati za usiku hupungua kwa nusu. Hatua hiyo ya Kenya ndiyo ingetatua lile tatizo la D1 tulilolieleza, kwa kuwa umeme wa gari ungepimwa peke yake na wa nyumba ukabaki peke yake.

Hata hivyo, kodi peke yake haimalizi hoja. India yenyewe ilipitia mengi kabla ya kufika hapo, na baadhi ya waliotangulia walianguka.

Mwaka 2001 kampuni moja ya Bangalore, ikiongozwa na mhandisi Chetan Maini, ilianza kuuza kigari cha umeme kilichoitwa Reva. Kilikuwa kidogo, chenye milango miwili, na kilitumia betri za risasi na asidi kama hizi za kuwashia magari yetu, kikienda kilomita zipatazo 80 kwa chaji moja. London walikipenda, wakakiita G-Wiz, hasa kwa kuwa kilisamehewa ada ya kuingia katikati ya jiji. Nyumbani India hakikununuliwa sana. Betri zake zilichakaa baada ya miaka michache, na mwenye gari alijikuta akitakiwa kununua seti nzima kwa fedha nyingi. Mahindra waliinunua kampuni hiyo mwaka 2010, na miaka michache baadaye Reva ya asili ikaacha kutengenezwa.

Kisha likaja Nano la Tata, lililotangazwa Januari 2008 kwa bei ya rupia laki moja. Halikuwa la umeme, lakini fundisho lake ni lile lile. Ratan Tata alisema alitaka familia zinazopakizana kwenye pikipiki moja zipate gari. Familia hizo hazikulitaka gari ambalo kila mtu alijua ni la watu wasio na uwezo. Uzalishaji ulifikia kikomo mwaka 2018. Wanaodhani kwamba mnunuzi wa kipato cha chini hutazama bei tu wasimame siku moja pale Kilombero waone vijana wanavyosugua magari yao yaliyochoka hadi yang'ae.

Kilichofanikiwa nchini India, tena kabla serikali haijajipanga, ni bajaji za umeme. Zilianza kujaa Delhi mwanzoni mwa muongo wa 2010, nyingi zikiwa hazina hata usajili, mpaka sheria ikarekebishwa mwaka 2015 ili kuzitambua. Nazo zilitumia betri za risasi za bei ya chini zilizokufa mapema. Lakini dereva alikuwa akikusanya nauli kutwa, na kwa nauli hiyo alinunua betri nyingine. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Betri ya umeme ni mtaji uliolala. Chombo kinachotembea kilomita 30 kwa siku na kukaa saa nane kwenye maegesho ya ofisi hakiwezi kuurudisha mtaji huo kwa kasi ya chombo kinachotembea mchana kutwa.

Tufanye hesabu ya bajaji kwa Arusha. Inayotembea kilomita 120 kwa siku, kwa kilomita 25 kwa lita, inakunywa petroli ya shilingi 14,400. Ya umeme, kwa kilomita 12 kwa uniti, itatumia uniti kumi, yaani shilingi 3,560 hata kwa bei ya T1. Akiba inapita shilingi 10,000 kwa siku, au shilingi 280,000 kwa mwezi wa siku 26. Ni zaidi ya mara mbili ya akiba ya mwenye gari binafsi, kwenye chombo ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya gari. Ndiyo maana vyombo vya umeme vinavyoonekana zaidi katika barabara za Tanzania ni vya magurudumu mawili na matatu. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria madereva hao habari za mazingira.

Arusha yenyewe ina ushahidi mwingine, tena wa tangu mwaka 2018. Mwaka huo kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club, kwa kushirikiana na Carwatt ya Ufaransa, ilianza kutumia gari la kupeleka watalii mbugani ambalo injini yake ya dizeli iliondolewa na kuwekwa mota na betri zinazochajiwa kwa jua. Wengi walilichukulia kama kivutio cha watalii, na bila shaka ukimya wake mbele ya simba unauzika. Lakini tulitazame kibiashara. Gari hilo hurudi mahali pamoja kila jioni, lina fundi wake, lina paneli zake za jua, na mwenye kampuni anajua kila kilomita litakayotembea. Mafuta ya kuendeshea gari ndani ya Serengeti husafirishwa kutoka mbali na bei yake si ya mjini. Hizo ndizo sifa za mahali ambapo betri hulipa. Mkazi wa Terrat hana hata moja kati ya hizo, isipokuwa jua.

Je, basi dawa ni kampuni za teksi za umeme, ambazo magari yake hutembea kutwa? Nairobi walijaribu mapema. Nopea Ride, iliyokuwa na mizizi Finland, ilianza mwaka 2018 kwa magari aina ya Nissan Leaf, ikasifiwa sana, kisha ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2022 baada ya kampuni mama kufilisika. Delhi walikuwa na BluSmart, iliyoanza mwaka 2019 na kufikisha magari zaidi ya 8,000. Aprili 2025 ilisimamisha huduma, baada ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya India kuwatuhumu wamiliki wa Gensol, kampuni yenye uhusiano nayo, kwa kutumia vibaya mikopo iliyokusudiwa kununulia magari. Katika visa vyote viwili, abiria hawakuwa na malalamiko makubwa dhidi ya magari, na umeme haukukosekana. Kilichoshindikana ni namna ya kugharimia betri nyingi kwa mpigo kwa fedha za watu wengine.

Jaribio linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni lile la MG. Septemba 2024 walianza kuuza Comet bila betri, kwa rupia 499,000, huku mnunuzi akilipia betri rupia mbili na nusu kwa kila kilomita anayotembea. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama shilingi 70 kwa kilomita. Kwa safari ya Terrat ya kilomita 30, kodi ya betri ingekuwa shilingi 2,100 kwa siku. Ongeza umeme wa shilingi 1,530, jumla ni shilingi 3,630, dhidi ya petroli ya shilingi 7,500. Gari lenyewe, kwa bei ya India, ni kama shilingi milioni 14 na nusu. Kwa mara ya kwanza katika hesabu zetu zote, gari jipya la umeme linaingia kwenye mizani moja na gari la petroli lililotumika. Na hofu ya betri kufa inahamia kwa mwenye betri, ambaye ana uwezo wa kuipima, kuitengeneza na kuikata bima.

Ni nani angefanya hivyo Arusha? Benki zetu hukopesha gari kwa kushikilia kadi yake. Hazijui bei ya betri yenye miaka minne, na kwa kuwa hazijui, hazitaipokea kuwa dhamana. Soko la magari yaliyotumika nalo litakuwa hivyo hivyo. Mnunuzi wa IST hufungua boneti, husikiliza injini, humwita fundi wake akaichungulia ekzosi. Kwa Nissan Leaf lililotumika Japani, gari linaweza kung'aa ndani na nje ilhali betri yake imebaki na nusu ya uwezo, na fundi wa kawaida wa Unga Limited hana chombo cha kuligundua hilo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua magari yaliyotumika yanapoingia nchini. Cheti cha hali ya betri, kinachotaja asilimia ya uwezo uliobaki, kingefaa kuwa sehemu ya ukaguzi huo kabla magari haya hayajawa mengi. Yakishakuwa mengi tutakuwa tumekwishapokea mzigo wa betri zilizochoka kutoka kwa wenzetu na kulipia nauli ya meli.

Kuhusu umeme wenyewe, tusipoteze muda mwingi. Magari elfu moja yakichajiwa usiku mmoja, kila moja kwa uniti nne na kidogo, ndani ya saa nane, ni mzigo wa kama kilowati 540. Mtambo mmoja tu kati ya tisa za Bwawa la Julius Nyerere una kilowati 235,000. Kweli, mikoa ya kaskazini iko mbali na bwawa hilo, na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo, kutokana na hasara ya umeme unaopotea njiani. Kauli hiyo ilizua maneno mengi. Lakini njia ya msongo wa kilovolti 400 inayoiunganisha Singida, Arusha na Namanga hadi Kenya imekwishajengwa, na kwa upande wa nguvu za gridi Arusha haiko mahali pabaya. Penye mashaka ni kwenye transfoma ya mtaa, ile inayolia kila mvua ikinyesha. Wenye magari watano nyuma ya transfoma moja dhaifu, wote wakichomeka saa mbili usiku wakati watu wanapika, watagundua tofauti kati ya umeme wa taifa na umeme wa mtaani.

Hali ya hewa, kwa upande mwingine, ni baraka ambayo hatujaitambua. Joto ndilo adui mkubwa wa betri, na Delhi mwezi Mei hupita nyuzi joto 40. Arusha, iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, haijui joto hilo. Hata mteremko una faida yake. Asubuhi gari litapanda kutoka Terrat kwa nguvu ya betri, na jioni likishuka mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo. Ubaya uko kwenye makorongo na mashimo, kwa maana betri nyingi hulazwa chini ya sakafu, na magari yaliyoundwa kwa ajili ya lami za mijini hayakuinuliwa sana.

Linabaki suala la tozo, na hapa serikali inapaswa kusema mapema. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Katika bajeti ya mwaka 2023/24 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita. Mfuko wa Barabara unaishi kwa lita hizo. Gari la umeme halinunui lita, kwa hiyo halichangii barabara linayoitumia. Wenye magari ya gesi walidhani wamesalimika, mpaka bajeti ya mwaka 2024/25 ilipopendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kilo. Wenye magari ya umeme wasijidanganye kwamba wao watasahauliwa. Tofauti ni kwamba tozo ya kilomita, ikitangazwa sasa na kiwango chake kikajulikana, mnunuzi ataiingiza katika hesabu zake. Ikija ghafla baada ya watu kukopa, itawakuta katikati ya mkopo wa miaka mitano.

Utaratibu wenye mantiki ungekuwa kuanza na kinachojilipa: bajaji na teksi zenye vituo maalumu, mita za kuchajia zenye bei yake ya usiku, na kampuni zinazomiliki betri na kuzikodisha. Vituo hivyo vikishajengwa Kwa Mrombo, Njiro na kandokando ya barabara ya mchepuo inayozunguka jiji kwa kusini, gari dogo la mtu binafsi litavikuta tayari. Betri za bajaji zitakuwa zimewafundisha mafundi, na bei ya betri iliyotumika itakuwa imejulikana sokoni kama inavyojulikana bei ya injini ya IST leo.

Kwa sasa, anayetaka kuwa wa kwanza Terrat, mwenye nyumba yake, mita yake na paneli chache za jua juu ya bati, anaweza kufanya hivyo bila kuonekana kituko. Aulize tu dhamana ya betri inatambulika na nani hapa nchini, kwa maandishi, na gereji gani itaifungua siku ya kuifungua. Mpangaji mwenzake wa mita ya pamoja itambidi asubiri EWURA na TANESCO waamue kama gari ni pasi, au ni kitu kingine.